Kocha amefukuzwa, nani aliyemwajiri?

Tarehe 5 Novemba 2023, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, Yanga iliifunga Simba mabao 5–1. Siku mbili baadaye Simba ikatangaza kuachana na kocha wake, Roberto Oliveira wa Brazil, yule tuliyemzoea kwa jina la Robertinho. Huko Jangwani kocha wa Yanga, Miguel Gamondi wa Argentina, alikuwa mfalme. Mwaka mmoja na siku kumi baada ya mechi ile, tarehe 15 Novemba 2024, mfalme huyo naye akafungashiwa virago. Katikati ya tarehe hizo mbili alikuwa ameipa Yanga ubingwa wa ligi na kombe la shirikisho la hapa nyumbani, na kuifikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ambako ilitolewa na Mamelodi Sundowns kwa mikwaju ya penalti tu. Aliondoka baada ya kupoteza mechi mbili za ligi zilizofuatana: 1–0 mbele ya Azam, kisha 3–1 mbele ya Tabora United.

Leo sizungumzi kama mtaalamu wa kandanda. Nazungumza kama shabiki anayelipa kiingilio, na anayenunua gazeti na kuanza kulisoma kwa ukurasa wa nyuma. Timu yangu siitaji, maana nikiitaja nusu yenu mtafunga redio. Ninalotaka kulisema linatuhusu wa pande zote mbili, nalo ni hili: kila kocha anapofukuzwa, waandishi wetu wa michezo hutueleza nani ametoka na nani anaingia. Hawatuelezi nani alimwajiri aliyetoka, kwa mkataba gani, na kufukuzwa kwake kunagharimu nini. Na kwa kuwa hatuelezwi, mchezo huo unarudiwa kila msimu.

Hebu tuhesabu. Kuanzia Novemba 2024 hadi Oktoba 2025, mwaka usiotimia, benchi la Yanga lilikaliwa na Gamondi, Sead Ramovic, Miloud Hamdi, Romain Folz na mwishoni Pedro Gonçalves, aliyewahi kuifundisha timu ya taifa ya Angola. Hao ni watano. Folz aliondolewa Oktoba 2025 baada ya kufungwa 1–0 na Silver Strikers kule Malawi. Timu hiyo hiyo ilipokuja Dar es Salaam kwa mechi ya marudiano, Yanga iliifunga 2–0 na kusonga mbele.

Simba nayo haikubaki nyuma. Alipoondoka Patrick Aussems Novemba 2019 alifuata Sven Vandenbroeck, akaja Didier Gomes, akaja Pablo Franco, akaja Zoran Maki, akashikilia Juma Mgunda, akaja Robertinho, akaja Abdelhak Benchikha, akashikilia Mgunda kwa mara nyingine, akaja Fadlu Davids, kisha Dimitar Pantev. Huyo wa mwisho aliingia Oktoba 2025, na Desemba 2025 hakuwapo tena. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Januari 2020 alikuwa amemaliza la sita tu. Ni shule gani ingeweza kubadilisha mwalimu mkuu mara zote hizo katika miaka sita, wazazi wakakaa kimya?

Najua kuna msikilizaji atakayenikatiza hapa. Atasema: mbona Yanga ilibadilisha makocha watatu katika msimu wa 2024/25, na bado ikachukua ubingwa, tena kwa kuifunga Simba 2–0 mwezi Juni 2025? Si dalili kwamba kufukuza kunafaa?

Ni hoja nzito, wala siikwepi. Lakini tuitazame vizuri. Ikiwa timu imeanza msimu na Gamondi, ikaendelea na Ramovic, ikamaliza na Hamdi, na ubingwa ukaja vile vile, basi kuna jambo kubwa kuliko kocha lililoleta ubingwa huo. Huenda ni ubora wa wachezaji. Huenda ni fedha. Huenda ni uongozi uliosajili vizuri, na kama ni hivyo uongozi huo usifiwe. Lakini hatuwezi kusema timu inaposhinda ushindi ni wa viongozi na wachezaji, na inapofungwa kosa ni la kocha peke yake. Kama kocha hana uzito mkubwa siku ya furaha, hawezi kuwa na uzito wote siku ya msiba. Hesabu hiyo haiingii akilini, na kazi ya mwandishi wa michezo ni kuikagua hesabu kabla ya kuichapisha.

Sasa tuyatazame maneno yenyewe tunayosoma. Kocha akipoteza mechi moja, tunaambiwa amekalia kuti kavu. Akipoteza ya pili, kibarua chake kimeota nyasi. Ya tatu anafungashiwa virago, na siku hiyo hiyo mikoba yake ina wagombea sita, kila mmoja na wasifu mrefu kama reli ya Kigoma. Lugha hii ni tamu, nami naipenda, kwani kandanda bila utani ni kama chai bila sukari. Hata hivyo utamu wake unaficha kitu. Virago havijifungashi. Kibarua hakioti nyasi bila mwenye shamba. Na mtu hakwei juu ya kuti kavu bila kupandishwa. Nani aliyempandisha? Jina la huyo ndilo ninalolitafuta kila asubuhi katika kurasa hizo, na silioni.

Badala yake namwona mtu mwingine anayeitwa "kigogo mmoja ambaye hakutaka jina lake litajwe". Kigogo huyu ana habari zote. Anajua kocha amegombana na mchezaji gani. Anajua mazoezi yalikuwa mepesi, anajua kocha alibishana na viongozi juu ya usajili. Anasema, halafu anatoweka. Msomaji makini atajiuliza: mtu anayejua mambo ya ndani kiasi hiki ni nani kama si mmoja wa wale waliokaa mezani kumchagua kocha huyo? Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Kigogo anapomnong'oneza mwandishi kwamba kocha hafai, mara nyingi anatafuta mahali pa kuutua mzigo wake mwenyewe. Mwandishi akiandika bila kuuliza, anakuwa amembebea.

Kuna na neno la pili, hili ndilo linaloniudhi zaidi kama shabiki. Ni neno "mashabiki wamechoka". Utalikuta katika matangazo ya klabu, katika maelezo ya wasemaji wao, na kutoka huko linaingia gazetini bila kuguswa. Mashabiki wamechoka, ndiyo maana kocha ameondolewa. Lini tuliulizwa? Ni kweli tulizomea. Ni kweli vijana waliimba maneno makali getini. Shabiki akifungwa tano lazima apige kelele, na angenyamaza ningemshangaa. Lakini kelele za jukwaani si kura. Hatukumchagua kocha yule, hatukuuona mkataba wake, hatukukaa katika kikao kilichomwondoa. Ukifika wakati wa kusajili, sisi ni watazamaji. Ukifika wakati wa kufukuza, ghafla sisi ndio wenye klabu. Jina letu linatumika kama mhuri, na mhuri huo hauko mikononi mwetu.

Ndugu wasikilizaji, sitaki kuwaonea waandishi wa michezo. Nafanya kazi katika chombo cha habari, ingawa si katika idara yao, na najua wanavyofanya kazi. Mwandishi anatumwa kufuatilia timu mikoani na mara nyingine nauli hana, anapanda basi la klabu yenyewe. Atamwandikaje kesho kiongozi aliyempa kiti leo? Anategemea simu moja ya afisa habari ili apate orodha ya wachezaji waliosafiri. Akiuliza swali gumu, simu hiyo haipokelewi tena, na gazeti la jirani linampita kwa habari. Mhariri wake naye anajua kwamba kichwa cha habari chenye jina la kocha mpya kinauza, na kichwa chenye neno "mkataba" kinabaki kwa muuza magazeti hadi jioni. Hivyo sisemi kwamba ni wavivu. Nasema wamewekwa mahali ambapo swali la bei nafuu ni "nani anakuja?" na swali la gharama ni "nani alikosea?"

Maswali ninayoyataka ni matatu. La kwanza: kocha huyu alichaguliwa na nani, na kwa kigezo gani? La pili: mkataba wake ulimtaka afikie nini, kwa muda gani, na ukivunjwa kabla ya wakati unadai nini? La tatu: fedha za kumlipa anayeondoka zinatoka katika mfuko upi? Hayo si maswali ya siri. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na zote mbili zimekua kwa ada, viingilio na jasho la wanachama na mashabiki. Mtu aliyekata kadi ana haki ya kujua jembe limenunuliwa kwa bei gani, na limetupwa kwa sababu gani.

Atakayeona natia chumvi juu ya gharama, atazame kwa majirani zetu. Agosti 2014 Kenya ilimwondoa kocha Adel Amrouche baada ya Harambee Stars kutolewa na Lesotho katika safari ya kutafuta tiketi ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Siku ile ilionekana shauri limekwisha. Kumbe ndiyo kwanza linaanza. Amrouche alikwenda kudai haki yake kwa njia ya FIFA, na deni likafika kama dola milioni moja za Kimarekani. Mwaka 2020 FIFA iliitishia Kenya kwamba deni hilo lisipolipwa itaondolewa katika mechi za kufuzu kwa Kombe la Dunia la 2022. Fikirini hilo. Kizazi kingine cha wachezaji kikawekwa rehani kwa uamuzi uliofanywa miaka sita nyuma na watu waliokuwa na hasira. Gazeti lililoandika Agosti 2014 kwamba kocha amefungashiwa virago lilitoa habari ya siku moja. Habari yenyewe ilikuwa ya miaka sita.

Nitoe sasa mfano wa mbali zaidi, nao unatoka Marekani. Huko kuna kandanda yao ya kubeba mpira mkononi na kuvaa kofia ngumu, na timu za vyuo vikuu zinazoucheza mchezo huo hujaza viwanja vya watu elfu themanini na zaidi. Makocha wa timu hizo hufukuzwa kama wa Kariakoo, pengine kuwazidi. Novemba 2023 Chuo Kikuu cha Texas A&M kilimwondoa kocha Jimbo Fisher, na kikawa kinadaiwa zaidi ya dola milioni 75 kwa kuvunja mkataba. Oktoba 2025 chuo kingine, LSU cha jimbo la Louisiana, kilimwondoa Brian Kelly, na mkataba wake ulidai kama dola milioni 54.

Msishtuke na fedha hizo, Marekani ina ukubwa wake na wazimu wake. Ninachotaka mkione ni kwamba tunazijua. Hata shabiki wa kule anayeuza mafuta ya gari kituoni anazijua. Kwa nini? Kwa sababu vyuo hivyo ni vya serikali za majimbo, mikataba ya makocha wake huombwa na kusomwa kwa mujibu wa sheria, na waandishi wa michezo wa kule huiomba, huisoma na kuichapisha. Gazeti la USA Today limejenga desturi ya kutoa orodha ya mishahara ya makocha wa vyuo, jina kwa jina. Kwa hiyo Kelly alipoondolewa, watu hawakuishia kuuliza nani anakuja. Waliuliza nani aliusaini mkataba ule. Na jibu lilikuwa gazetini: alikuwa mkurugenzi wa michezo Scott Woodward, ambaye mwaka 2017, akiwa Texas A&M, ndiye aliyemwajiri Fisher. Gavana wa jimbo akalisema jambo hilo hadharani, na siku chache baada ya kocha kuondoka, mkurugenzi naye akaondoka.

Sisemi gavana aingie katika mambo ya benchi la ufundi. Tunazo simulizi za kutosha za wanasiasa katika soka letu. Wala sisemi waandishi wa kule ni malaika. Nao hukimbizana na uvumi kama wa kwetu, na makocha nao huwadanganya. Nick Saban alitamka mbele yao Desemba 2006 kwamba hatakwenda kufundisha Alabama. Mapema Januari 2007 alikuwa Alabama, na akakaa hadi alipostaafu Januari 2024 akiwa ameipa mataji sita ya taifa. Ninachosema ni kimoja tu: pale penye mkataba uliosomwa, mwajiri hawezi kujificha nyuma ya kocha.

Na hapo tuwe waadilifu, kwani makocha nao si kondoo wa sadaka wote. Vandenbroeck aliipa Simba ubingwa, akaiingiza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Januari 2021, na papo hapo akaaga kwenda FAR Rabat ya Morocco. Nasreddine Nabi aliifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, kisha naye akaenda FAR Rabat. Ramovic aliondoka Yanga Februari 2025 kwenda CR Belouizdad ya Algeria. Fadlu Davids aliifikisha Simba fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika Mei 2025, na Septemba mwaka huo, mashindano mapya yakiwa yameshaanza, akaenda Raja Casablanca. Barabara ya kwenda kaskazini imekanyagwa hadi imekuwa lami. Magazeti yetu huandika kuondoka huko kama usaliti wa mpenzi. Mimi nauliza tena swali lile lile: mkataba ulisemaje? Je, klabu ilifidiwa? Kama ililipwa, ilipata kiasi gani? Kama haikulipwa, nani aliandika mkataba wenye mlango wazi kiasi hicho?

Kuna watu wengine wanaoumia katika mchezo huu, nao ni makocha wetu wazalendo. Juma Mgunda aliitwa Simba Septemba 2022 kushikilia timu baada ya Maki kuondoka. Akaivusha mbele ya Nyasa Big Bullets ya Malawi na Primeiro de Agosto ya Angola, hadi hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Januari 2023 akaletwa Robertinho, na Mgunda akawa msaidizi. Aprili 2024 Benchikha alipoondoka, Mgunda akaitwa tena kushikilia. Gurudumu la akiba hukaa nyuma ya gari, halikumbukwi hadi lile jingine lipasuke. Likishatufikisha gereji, linarudishwa nyuma. Sijasoma mahali mwandishi akimuuliza kiongozi kwa nini mtu anayeaminika kuiokoa timu katika dhiki haaminiki kuiongoza katika raha.

Tazameni pia Taifa Stars. Januari 2024, kule Ivory Coast, Amrouche yule yule wa Kenya, ambaye tangu Machi 2023 alikuwa kocha wetu, alifungiwa mechi nane na CAF kwa maneno aliyoyasema juu ya Morocco. TFF ikamsimamisha katikati ya mashindano, na timu akakabidhiwa Hemed Suleiman, maarufu kama Morocco. Mzalendo huyu akaiongoza timu hadi ikafuzu kwa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2025, kwa ushindi wa 1–0 dhidi ya Guinea Novemba 2024. Agosti 2025 akaifikisha robo fainali ya CHAN. Novemba 2025, majuma machache kabla ya kwenda Morocco kwenye fainali zenyewe, TFF ikaachana naye. Mrithi wake wa muda akawa nani? Miguel Gamondi, yule yule ambaye mwaka mmoja nyuma Yanga ilimwona hafai.

Gamondi akaenda nayo, akatoka sare na Uganda na Tunisia, na kwa mara ya kwanza katika historia Tanzania ikaingia hatua ya 16 bora, ikatolewa kwa 1–0 na wenyeji Januari 2026. Nilifurahi kama mlivyofurahi. Lakini furaha isitufunge midomo. Ama Gamondi alikuwa kocha mzuri Novemba 2024, na hapo kuna watu wa kujibu kwa nini aliondolewa. Ama mechi mbili za ligi kweli zilitosha kuonyesha hafai, na hapo kuna watu wa kujibu kwa nini alipewa taifa. Haiwezekani pande zote mbili ziwe zilikuwa sahihi na hakuna anayepaswa kueleza lolote. Na Hemed Suleiman, aliyelima shamba na kulipalilia, naye anastahili maelezo yaliyo zaidi ya aya mbili za tangazo.

Natambua kwamba kocha ni mtu wa kufukuzwa. Kazi hiyo iko hivyo Ulaya, iko hivyo Amerika, itakuwa hivyo kwetu. Yupo kocha asiyefaa, na akae mtu huyo hadi lini? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; akishindwa kulima, aondoke. Ugomvi wangu si na kufukuza. Ugomvi wangu ni na ukimya unaokuja baada ya kufukuza. Aliyechagua vibaya jana ndiye anayechagua tena leo, kwa macho yale yale, na hakuna anayemuuliza amejifunza nini.

Kwa hiyo nawaomba ndugu zangu waandishi wa michezo mambo mawili mepesi. Kocha mpya anapotambulishwa, na kamera zote zipo na skafu iko shingoni, inueni mkono muulize mbele ya watu: mkataba ni wa muda gani, lengo ni lipi, na nani aliongoza kumchagua? Andikeni majibu, na kama hakuna majibu, andikeni kwamba mliuliza na hamkujibiwa. Kisha tunzeni karatasi hiyo. Siku kocha huyo anapoondoka, iwe ni baada ya miezi miwili au miaka mitatu, itoeni muichapishe pembeni ya habari ya kufukuzwa kwake. Haihitaji nauli wala kigogo. Inahitaji faili tu.

Na kwenu mashabiki wenzangu, mnaobishana sasa hivi vijiweni juu ya nani atakuja: mbishane, ni haki yenu, lakini ongezeni na swali la nani alimleta aliyetoka. Gazeti huandika kile kinachoulizwa na wanunuzi wake. Na siku mkisoma tena kwamba kocha ameondolewa kwa sababu mashabiki wamechoka, mwulizeni aliyesema hivyo amewahesabu wapi.

Ndugu wasikilizaji, kwa juma hili naishia hapo.